NYUMBA HII HAIUZWI

Sehemu ya Kwanza

Kikao cha ukoo kilipangwa saa nne asubuhi, kikaanza saa sita. Foleni ya malori ilikuwa imerudi nyuma mpaka Mpemba, na Baba Mdogo, aliyekuwa akitoka Mlowo kwa Coaster, aliposhindwa kuvumilia alishuka akamalizia safari kwa bodaboda. Alifika Majengo, Tunduma, suruali imetapakaa matope hadi magotini, akapewa maji ya kunawa, akaketi kwenye kiti cha marehemu kaka yake bila kuulizwa.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa Machi 2024. Mzee Simfukwe alikuwa na siku 24 tangu afariki.

Nyumba yake ina vyumba vinne na baraza linalotazama barabara. Aliijenga kwa matofali ya kuchoma, kwa kiinua mgongo alichopewa baada ya kuitumikia TAZARA ujana wake wote. Alikuwa fundi wa njia. Reli ile ya kilometa 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, inavuka mpaka hapo hapo Tunduma, na mzee alikuwa akisema anajua mlio wa kila daraja kuanzia Makambako. Matapeli walipouza kiwanja cha jirani yake kwa watu wawili tofauti, mzee alinunua kopo la rangi nyeusi, akaandika ukutani kwa mkono wake, herufi kubwa za kusomwa na dereva wa lori: NYUMBA HII HAIUZWI.

Ndani, wazee wa ukoo walikaa kwenye makochi, wanawake kwenye mkeka pamoja na mjane. Ajenda ilikuwa moja: kupendekeza jina la msimamizi wa mirathi, ili muhtasari wa kikao upelekwe Mahakama ya Mwanzo pamoja na cheti cha kifo.

“Mtoto wa kiume yupo,” alisema Baba Mdogo. “Mimi naona Joeli atatufaa.”

Joeli alikuwa ameegemea mlango. Ni dereva wa masafa, wa Lubumbashi, na macho yake yalikuwa bado mekundu kwa usingizi wa njiani. Hakujibu. Aliyejibu ni Mama, yule mjane, kutoka kwenye mkeka, kwa sauti ndogo ambayo haikumwachia mtu nafasi ya kubisha.

“Neema ndiye anayejua karatasi, Shemeji. Awe Neema.”

Neema, binti wa marehemu na dada yake Joeli, alikuwa wakala wa forodha. Tangu Kituo cha Pamoja cha Huduma Mpakani kilipozinduliwa Oktoba 2019, siku zake zilikuwa za kusoma nyaraka za mizigo ya watu mpaka apate mstari mmoja usiolingana na mwenzake. Aliinamisha kichwa, akaitikia. Muhtasari ukapitishwa mkono kwa mkono. Joeli alipotia sahihi, aliishika kalamu kati ya kidole cha shahada na cha kati. Dole gumba lake la kulia lilipasuliwa na kamba ya turubai huko Kasumbalesa miaka mingi iliyopita. Lilipona, likaacha kovu la kukatiza, na tangu hapo halikunjiki vizuri.

Ndipo waliposikia hodi.

Aliyeingia hakuhitaji kutambulishwa. Mjini wanamwita Mhasibu, ana maduka mawili ya vipuri vya malori, na wiki tatu zilizopita alikuwa amekaa nao chini ya turubai la msiba usiku kucha. Rambirambi yake ilisomwa ya kwanza.

“Shikamooni wazee wangu. Mama, pole sana tena.” Alikaa, akaiweka bahasha ya kaki juu ya meza. “Sikuja kudai. Nimekuja kutoa taarifa, kwa sababu nimesikia leo mnakaa. Isije ikaonekana baadaye nilinyamaza.”

Akasoma mkataba polepole, kwa adabu.

Machi 2020 Mzee Simfukwe na yeye walikubaliana hivi: Mhasibu atampa mzee shilingi 250,000 kila mwezi, maisha yake yote. Mzee hatalipa chochote akiwa hai. Deni litaongezeka kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi juu ya kila fedha iliyotolewa. Siku mzee atakapofariki, familia itakuwa na siku 30 za kulilipa deni lote. Isipolipa, nyumba ya Majengo ni ya Mhasibu.

“Nimetoa miezi 48, sikukosa hata mmoja,” alisema. “Fedha yenyewe ni milioni 12. Riba milioni 14 na laki 7. Jumla milioni 26 na laki 7. Hati ninayo mimi.”

Baba Mdogo alisimama. “Kaka yangu? Kaka yangu aliyeandika ukuta huo nje?”

“Aliandika isiuzwe, Mzee. Hakuuza. Aliweka.”

Kelele zilizofuata zilisikika hadi kwa majirani. Mmoja wa wazee alisema mkataba ni wa kughushi, mwingine akataka mzee wa usharika aitwe. Mhasibu aliwasubiri wamalize, akachomoa nakala kwenye bahasha, akamkabidhi Neema kwa mikono miwili. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na sahihi ya Baba, ile yenye mkia mrefu anaoujua tangu kwenye ripoti za shule. Chini yake paliandikwa “Ridhaa ya mke”, na pembeni doa la dole gumba.

Neema alimtazama mama yake. Alitegemea kuona mshtuko, au machozi, au hata hasira. Mama alikuwa akikusanya vikombe vya chai, kimoja ndani ya kingine, macho yake chini. Neema alijiambia kwamba mtu aliyetoka kumzika mume wa miaka 45 hana tena nafasi ya kushtuka.

Usiku, wageni wote walipolala, aliingia chumbani kwa Baba akalivuta sanduku la bati kutoka uvunguni. Humo ndimo hati ilimokaa tangu yeye akiwa mtoto, ndani ya mfuko wa plastiki, katikati ya cheti cha ndoa na kadi za kliniki.

Hati haikuwepo. Mahali pake palikuwa na kaunta buku la jalada jekundu.

Alilifungua chini ya taa. Kila ukurasa ulikuwa umepigwa mistari kwa rula kama vitabu vya zamu za reli, na kila mwezi una safu yake, kwa penseli iliyochongwa vizuri. Machi 2020: nimepokea 250,000. Nauli Dar watu wawili. Dawa. Uji wa mgonjwa. Aprili: nimepokea 250,000. Kitanda gesti siku 11. Dawa. Betri ya redio, sikununua.

Neema aliketi sakafuni. Mwaka ule Mama alikuwa akitibiwa saratani katika Taasisi ya Ocean Road. Watoto walipouliza fedha zinatoka wapi, Baba alijibu kila mara kwamba ni akiba yake ya reli, wao wasome na kufanya kazi. Walimwamini. Wengi wetu tunawaamini wazazi wetu namna hiyo, kwa sababu kuuliza mara ya pili kunafanana na kukosa heshima, na wao wananyamaza kwa sababu kusema kunafanana na kuomba. Katikati ya ukimya wa pande mbili hizo ndipo hati nyingi za nyumba zinapotokea mlangoni.

Alifunua hadi mwisho. Februari 2024 mwandiko ulikuwa umelegea, herufi zinateremka nje ya mstari. Chini ya hesabu ya mwezi ule Baba alikuwa ameandika sentensi tatu, akazikandamiza kiasi kwamba penseli ilitoboa karatasi.

Hati anayo Mhasibu.

Mama yenu asiambiwe.

Joeli anajua yote.

Nyuma yake, mlango wa chumba ulifunguliwa.

Itaendelea wiki ijayo.


Sehemu ya Pili

Ilipoishia: Neema amegundua kwamba marehemu baba yake aliiweka nyumba ya familia kwa mkopeshaji miaka minne iliyopita, na kwamba mdogo wake Joeli alijua. Siku 6 zimebaki. Endelea...

Aliyesimama mlangoni ni Joeli, shuka begani.

“Ulikuwa unajua,” Neema alisema.

“Taratibu, Dada. Mama hajalala.”

Akakaa naye sakafuni, mgongo kitandani kwa Baba. Alieleza kwa kukatiza. Baba alikwenda benki kwanza, mwanzoni mwa 2020. Walimwuliza mapato yake, wakamwuliza umri wake, wakampa glasi ya maji. Akarudi nyumbani akakaa siku mbili bila kuongea. Mhasibu ndiye aliyemfuata, akamwambia: wewe hutalipa hata senti, Mzee, nyumba itakulipia.

“Kwa nini hukuniambia mimi?”

“Alinikataza. Alisema wewe ungeuza kiwanja chako cha Chapwa. Alisema hawezi kumtibu mke kwa kiwanja cha binti.”

Neema alilia hapo, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Kisha akajifuta uso kwa kitambaa cha mezani, akapanga safari.

Jumanne alfajiri waliondoka wote wawili bila kuaga. Kutoka Tunduma hadi Vwawa, upande mmoja wa barabara ulikuwa malori tupu, yamezimwa injini, madereva wamejifunika makoti wakinunua kahawa na mahindi ya kuchoma kwa watoto wanaopita na sinia. Joeli aliwapungia wawili aliowafahamu. Neema alisikiliza ujumbe wa sauti wa binamu yao Upendo, anayehudumia wazee huko Leicester, Uingereza.

“Dada, huku mikopo ya hivyo ipo wazi kabisa,” alisema Upendo. “Mzee anakaa kwake, anakula thamani ya nyumba yake, akifa nyumba inalipa. Lakini hasaini hivi hivi, lazima apate mwanasheria wake wa kumweleza. Na bibi mmoja ninayemhudumia, dada yake yuko Marekani, alichukua. Kule ule unaosimamiwa na serikali unaanzia miaka 62, unakaa kwanza na mshauri asiye wa benki, na ukifa watoto wako hawadaiwi zaidi ya thamani ya nyumba. Baba yetu yeye alikaa na nani?”

Alikaa na Mhasibu na chupa ya chai.

Msaidizi wa kisheria waliyeelekezwa alikuwa mama wa makamo, ofisi yake chumba kimoja karibu na stendi ya Vwawa. Alisoma mkataba mara mbili, kalamu mdomoni. Kisha akavuta daftari.

“Poleni na msiba, wanangu. Nitawaambia ya uchungu kwanza. Deni la marehemu halizikwi naye. Fedha ilitolewa, baba yenu ameiandika kwa mkono wake mwenyewe, basi ni deni. Wewe Neema, mahakama ikikuthibitisha, si kwamba umepewa nyumba. Umepewa kazi. Unakusanya mali, unalipa madeni, kinachobaki ndicho cha warithi, na ndani ya miezi minne unarudisha mahakamani fomu namba V, orodha ya mali na madeni, kisha fomu namba VI, ya hesabu, kadiri mahakama itakavyopanga. Ukianza kugawa kabla ya kulipa, utadaiwa wewe.”

Neema aliitikia kwa kichwa.

“Sasa ya upande wenu. Rehani ni dhamana tu, haihamishi umiliki. Kuandika kwamba mtu akifa nyumba inakuwa ya mkopeshaji hakufuti haki ya kulipa na kuikomboa. Hizo siku 30 ni zake yeye. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamtaka anayeidai rehani atoe notisi ya siku 60 kwanza, kwa maandishi, aseme mmekosea nini na mfanye nini. Je, imesajiliwa hiyo rehani?”

“Hatujui.”

“Mtapita ofisi ya ardhi ya mkoa, mlipie upekuzi. Na huyu bwana ana leseni ya kukopesha? Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, anayekopesha watu kama biashara lazima awe na leseni ya Benki Kuu, na riba ina kikomo, asilimia tatu na nusu kwa mwezi. Hiyo tano yake ni kausha damu iliyovaa tai.”

Neema alikuwa tayari na simu mkononi, anapiga hesabu. Kwa asilimia tatu na nusu, riba ya miezi ile 48 ilikuwa milioni 10 na elfu 290. Deni lote milioni 22 na elfu 290. Milioni 4 na laki 4 na ushei zilikuwa zimeanguka mezani kwa swali moja. Kiwanja cha Chapwa hakingefika huko. Lakini kwa mara ya kwanza aliona namba ambayo mtu anaweza kuikabili.

“Bado,” alisema yule mama. Aliugeuza ukurasa wa mwisho kuelekea kwao, akagonga doa la wino kwa kalamu. “Nyumba mnayoishi kama familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza. Hili ndilo jiwe la mkataba mzima. Mama yenu anajua kusoma?”

Neema alikaribia kucheka. “Mama alikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima. Nusu ya akina mama wa Majengo walijifunza kwake kuandika majina yao.”

“Na anatia sahihi au anaweka dole?”

Chumba kilikuwa kimya. Nje, kondakta alikuwa akiita Mlowo, Mlowo, Mbeya.

“Mama hajawahi kuweka dole popote,” Neema alisema taratibu.

“Basi hili ni la nani?”

Joeli alisema anahitaji hewa, akatoka.

Ofisi ya ardhi haikuwa mbali. Walijaza fomu, wakalipia, wakaambiwa wasubiri. Saa nane mchana kijana mmoja mwenye miwani akamwita Neema dirishani, karatasi mkononi. Alikuwa mpole. Pengine amezoea kuwaambia watu mambo ambayo hawakuyatarajia kuhusu nyumba zao.

“Mmiliki ni Simfukwe, marehemu, hakuna uhamisho,” alisema. “Rehani hakuna. Huyo bwana hakuwahi kusajili kitu hapa, na asingeweza.”

“Kwa nini asingeweza?”

“Kuna pingamizi, Dada. Limewekwa na mke, kulinda maslahi yake kwenye nyumba ya ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamruhusu. Likiwepo hilo, hakuna anayeuza wala kuweka rehani ikasajiliwa bila yeye kupewa taarifa.” Akaigeuza karatasi ili aone. “Sahihi yake hii hapa.”

Neema aliitambua kabla hajaisoma. Herufi za ualimu, zimesimama wima, nukta juu ya kila i. Halafu akatazama tarehe, na mgongo wake ukaingiwa na baridi.

Januari 2020.

Mkataba wa Mhasibu ulikuwa wa Machi. Mama aliifunga nyumba miezi miwili kabla Baba hajaiweka. Miezi miwili kabla hajaenda Dar kutibiwa. Mama, ambaye daftari lilisema asiambiwe.

Simu iliita. Kioo kiliandika Mama.

“Mmefika kwa watu wa ardhi?”

“Mama! Umejuaje tuko...”

“Kiatu chako cha kikao hakipo, na kaunta buku halipo sandukuni. Mlitegemea nini?” Sauti yake haikutetemeka. “Umeiona karatasi yangu?”

“Ninayo mbele yangu. Mama, ulijua kwamba Mhasibu atakuja?”

“Mwaka ule sikumjua Mhasibu, mwanangu. Sikuweka pingamizi lile kwa ajili yake.”

“Kwa ajili ya nani?”

Kimya. Neema alisikia jogoo wa Majengo kwenye simu, na mlio wa lori linalobadili gia.

“Una ile nakala ya mkataba?” Mama aliuliza. “Litazame lile dole. Litazame vizuri, kwenye mwanga.”

Neema alitoa nakala kwenye mkoba, akaiinua usawa wa dirisha. Mistari ya dole ilikuwa imetoka safi, duara ndani ya duara, isipokuwa mahali pamoja. Katikati ulipita ufa mweupe, umekatiza dole zima kutoka upande mmoja hadi mwingine, kama kovu.

Aligeuka.

Joeli alikuwa nyuma yake, karibu kiasi cha kusikia kila neno. Mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya mfuko wa suruali.

“Kabla hujaniuliza chochote, Dada,” alisema, “jua kwamba sikuwa peke yangu. Baba alinishika kiganja, akanichovya dole kwenye wino. Na kibao cha wino hakikuwa cha Mhasibu.”

“Kilikuwa cha nani?”

Joeli hakumtazama yeye. Alikuwa akiitazama simu iliyokuwa bado hewani, sekunde zikihesabu kwenye kioo.

“Cha darasa la kisomo,” alisema. “Muulize Mama nani alikitoa kabatini.”

Itaendelea wiki ijayo.